Uvimbe kwenye bandama: je, mtoto apasuliwe?

Daktari, mwanangu wa miaka 6 hulalamika tumbo upande wa kushoto. Hospitali ya King Fahd, Lamu, alipigwa ultrasaundi ikaonekana ana uvimbe kwenye bandama. Tumeambiwa huenda si saratani, lakini twende Mombasa. Shangazi yake ataka akandwe na achanjwe chale. Wengine wasema itolewe tu, mtu huishi bila bandama. Nifanyeje?
Mama, Mkokoni

Mama, kwanza kabisa, tumbo hilo lisikandwe wala lisichanjwe. Bandama ni laini na imejaa damu. Ikivimba huteremka chini ya mbavu zinazoikinga, na mkono wa mkandaji waweza kuipasua. Damu ikimwagikia tumboni, kutoka Mkokoni hadi chumba cha upasuaji ni safari ya boti ambayo pengine itangoja maji yajae ndipo ipite mlango wa bahari wa Mkanda. Kwa hiyo pia asipande minazi wala asicheze mpira kwa sasa. Akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au bega la kushoto, akapauka au kuzirai, msingoje asubuhi.

Kwa watoto wa pwani, bandama kubwa mara nyingi hutokana na malaria ya kujirudia au selimundu, na hapo huvimba yote. Uvimbe uliojitenga ndani yake ni nadra. Waweza kuwa kifuko cha maji, fundo la mishipa ya damu au ya limfu, au hamatoma, yaani nyama ya bandama yenyewe iliyoota bila mpangilio. Hamatoma ilielezwa na daktari Rokitansky wa Vienna mwaka 1861, na hadi leo huwatatiza madaktari kwa kuwa kwenye picha yaweza kufanana na saratani. Ndiyo maana nakuhimiza uende Mombasa.

Huko atapimwa wingi wa damu na chembe za kuigandisha, kwani baadhi ya vimbe hizi huzinasa chembe hizo. Atapimwa malaria na selimundu, kisha apigwe sitiskani au MRI. Daktari akisita kuchoma sindano kutoa kinyama, usidhani anazembea: anachelea damu. Mara nyingi jibu la mwisho hutoka kwenye darubini, uvimbe ukishatolewa.

Uvimbe ukiwa mdogo, hauumi na damu ni nzuri, yaweza kutosha kurudia ultrasaundi kila baada ya miezi kadhaa. Ukikua, ukiuma, ukishusha damu, au shaka ya saratani isipoondoka, basi upasuaji. Hapo uliza swali moja bila haya: mwaweza kukata kipande chenye uvimbe mkaacha kilichobaki?

Nalishikilia swali hilo kwa sababu bandama huchuja vijidudu na vimelea vya malaria katika damu. Mwaka 1952, madaktari King na Shumacker wa Marekani waliandika habari za watoto wachanga 5 waliotolewa bandama, kisha wakapatwa na maambukizi makali. Ni kweli mtu huishi bila bandama, lakini penye malaria, mbali na hospitali kubwa, gharama yake ni nzito. Madaktari hupendelea mtoto apite miaka 5 kwanza, na wako amepita.

Ikilazimu itolewe yote, chanjo zitangulie kwa wiki 2 au zaidi. Beba kijitabu chake cha kliniki. Kenya huchanja watoto wote dhidi ya vijidudu vya Hib tangu 2001 na vya nyumokoka tangu 2011, hivyo huenda alishazipata. Ya meningokoka uiulizie. Baadaye atahitaji penisilini kila siku kwa miaka, na chandarua kila usiku. Omba uandikiwe antibayotiki ya kuweka nyumbani: homa ikimshika, apewe dozi ya kwanza papo hapo, ndipo mtafute boti, na kila mhudumu aambiwe mapema kwamba mtoto huyu hana bandama.