Kilango cha Mbwa Nyumbani: Lini Kifunguliwe kwa Mtoto wa Mbwa, Lini Kifungwe

SOMO KWA WAKAAZI: AFYA YA MIFUGO NA YA JAMII

Boma nyingi katika kaunti yetu zina mbwa, na boma nyingi zenye mbwa zina kilango chake. Katika mitaa ya Syokimau, Mlolongo na Athi River, kilango hicho huwa ni uwazi uliokatwa kwenye mlango wa jikoni au wa stoo, ukafunikwa kwa kipande cha mpira. Huko Mwala, Yatta na Masinga huenda kikawa mlango wa kibanda cha mbwa, au tundu tu chini ya geti ambalo mbwa amelichimba mwenyewe na hakuna aliyeliziba.

Mbwa mzima aliyechanjwa hutumia kilango bila shida. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili ni jambo lingine. Katika somo hili tutaangalia kilango kinachofaa, umri wa kukifungua, namna ya kumfundisha mtoto wa mbwa kukitumia, na la kufanya iwapo atatoka nje akaumwa au akamuuma mtu.

1. Kwa nini jambo hili linahusu kaunti nzima

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kusimamia maslahi yao, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Mpango wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu, wa mwaka 2014 hadi 2030, uliitaja Machakos miongoni mwa kaunti tano za kuanzia kazi hiyo, pamoja na Makueni, Kitui, Kisumu na Siaya.

Utafiti uliofanywa Machakos miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mbwa waliochunguzwa walikuwa na wenyewe, ila wengi wao hawakuwahi kufungiwa. Mbwa tunaowaona barabarani wakipigania mifupa mara nyingi si wa kurandaranda bila mwenyewe. Ni wetu, nao wametoka kwa vilango vyetu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa. Watoto ndio huumwa zaidi, na ndio hucheza na mtoto wa mbwa kutwa nzima.

2. Kilango kinachofaa

Kilango kizuri hufunguka ndani ya uwanja uliozungushiwa ua. Kinachofunguka barabarani si kilango, ni njia ya hatari. Kabla ya kumwita fundi, zunguka ua wako mara moja. Mtoto wa mbwa hupita mahali popote kichwa chake kinapopenya, kwa hiyo ziba mianya ya seng'enge, tundu la chini ya geti na pengo la ua wa michongoma. Funika shimo la choo na tangi la ardhini, na uzungushie ua kidimbwi cha maji ya kunyunyizia.

Pima kilango kwa mbwa atakapokuwa mzima, si alivyo leo. Juu yake kipite kimo cha mabega ya mbwa kwa sentimita 5 hivi, na upana upite mwili wake kwa kiasi hicho hicho. Mbwa dume wa aina ya German Shepherd hufika kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani. Wa kienyeji huwa mdogo kuliko huyo. Kwa kuwa mtoto atakuta kizingiti kiko juu, mwekee tofali au ubao wa kukanyagia pande zote mbili.

Kifuniko kiwe chepesi. Kipande cha mpira laini kinatosha. Bati lenye makali humkata shingo na kumtia woga asiousahau. Muhimu kuliko yote ni komeo: kilango kisichoweza kufungwa kwa ndani hakifai katika nyumba yenye mtoto wa mbwa.

3. Umri na chanjo

Usimtenge mtoto wa mbwa na mama yake kabla ya wiki 8. Akifika kwako, kilango kibaki kimefungwa, na wewe mwenyewe umtoe nje: anapoamka, baada ya kula, baada ya kucheza na kabla ya kulala. Kwa kawaida, mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo kwa zaidi ya saa mbili hivi. Akijisaidia mahali pazuri, msifu papo hapo. Kilango hakimfundishi usafi; mtu ndiye humfundisha.

Wakati huo fuata ratiba ya daktari wa mifugo. Dawa ya minyoo huanza mapema, na hurudiwa kila wiki mbili hadi afike miezi mitatu. Chanjo za magonjwa ya watoto wa mbwa, ukiwemo ugonjwa wa parvo wa kuhara damu, huanza kati ya wiki 6 na 8 na hurudiwa hadi karibu wiki 16. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo uwanja ambao mbwa mwingine alifia ugonjwa huo si salama kwa mtoto mpya ambaye hajamaliza chanjo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu, na kinga huchukua wiki 3 hadi 4 kujengeka. Hata hivyo, kampeni ya chanjo ikifika katika wadi yako, mpeleke hata kama hajafika umri huo. Wataalamu wanashauri watoto wa mbwa wasiachwe nyumbani siku ya kampeni, kwa sababu huenda nafasi nyingine ikachelewa.

4. Kumfundisha hatua kwa hatua

Samaki mkunje angali mbichi. Dakika tano hadi kumi kwa siku zinatosha.

Hatua ya kwanza: inua kifuniko chote ukifunge kwa kamba. Mtu mmoja akae nje na kipande kidogo cha chakula, amwite jina. Apite huku na huku bila kuguswa na kitu.

Hatua ya pili: baada ya siku mbili tatu, shusha kifuniko nusu ili kimguse mgongoni tu.

Hatua ya tatu: kishushe chote, ila kishike kidogo pembeni aone mwanga. Akishaelewa, kiachilie.

Usimsukume wala kumvuta. Akiogopa, rudi hatua moja nyuma. Watoto wa nyumbani wasimfungie kilango usoni kwa mchezo.

Hata akijua kukitumia, asiachwe atoke peke yake kabla ya kumaliza chanjo na kabla hujauhakikisha ua. Mwewe, nyoka na mbwa wakubwa wa jirani hawahitaji muda mrefu. Jioni, funga komeo. Kilango kinachomtoa mbwa huingiza pia nguchiro, paka wa porini au nyoka anayefuata panya. Nguchiro na bweha wanaweza kubeba kichaa cha mbwa.

5. Akitoka akaumwa, au akiuma

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mtoto wa mbwa akimng'ata mtoto kidoleni, tunasema, "Ni mchezo tu, hata meno hana." Meno ni madogo lakini virusi ni vile vile. Mate ya mbwa mgonjwa yanaweza kuambukiza siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana.

Iwapo mtu ameng'atwa au kukwaruzwa na damu ikatoka, au mate ya mbwa yameingia kwenye kidonda:

- Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kama maji ni ya mtungi, mimina kwa kikombe taratibu. Siku hiyo usiyabanie maji.
- Usipake chumvi, mafuta, pilipili wala kubandika jiwe.
- Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote utakazoandikiwa. Dalili za ugonjwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwa kifo.
- Mjulishe afisa wa mifugo wa wadi. Mbwa asiuawe ovyo. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Matibabu ya aliyeumwa yasisubiri siku hizo ziishe.

Iwapo mtoto wa mbwa ndiye amerudi na jeraha la meno, usimshike kwa mikono mitupu. Mfungie peke yake, watoto wasimkaribie, na umwite afisa wa mifugo. Uwe macho kwa dalili hizi: kubadilika tabia, sauti kukwaruza, kutokwa mate mengi, kushindwa kumeza, kuuma mawe na vijiti, au taya na miguu kulegea.

6. Jipime

Soma maswali haya na wote wa nyumbani, wakubwa kwa watoto.

1. Kilango chetu kinafunguka wapi: uwanjani au barabarani?
2. Nani hufunga komeo jioni, na asipokuwepo nani humshikia zamu?
3. Mbwa wetu ana umri gani, na cheti chake cha chanjo kiko wapi?
4. Mtoto akiumwa leo, sabuni iko wapi, na hospitali iliyo karibu ni ipi?

Kama swali lolote halikupata jibu, anza nalo leo. Kuziba tundu la geti ni kazi ya jioni moja: mawe machache na kipande cha waya.