Somo la Tawi: Nakala Bila Daftari Si Nakala



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Somo la leo linahusu mali ya chama ambayo haishikiki kwa mkono, nayo ni kumbukumbu zilizomo ndani ya kompyuta. Majina ya wanachama, ada zilizokatwa, karatasi za mshahara na mashauri yaliyo mbele ya afisa kazi, yote siku hizi yamo humo.

Kila mmoja wetu anajua kwamba kumbukumbu lazima zitolewe nakala. Lakini nakala peke yake haitoshi. Sisi tulijifunza jambo hilo kwa hasara.

YALIYOTUPATA MBARARA

Ofisini kwetu Mbarara tulikuwa na kompyuta ya kutunza nakala, ile ambayo mafundi huiita seva. Kila mwisho wa juma iliandika nakala kwenye diski, nasi tukaiweka diski sandukuni. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ikaungua. Hatukuogopa, maana diski zilikuwa saba.

Tulipozifungua, zote saba zilikuwa nakala za nyongeza, yaani zimebeba yale tu yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia. Nakala kamili, ambayo ndiyo msingi wake, haikuwamo. Miezi miwili kabla ya hapo mmoja wetu alitafuta nafasi, akaifuta katika orodha kwa kuwa ilikuwa ya zamani. Kompyuta ikaihesabu diski ile kuwa tupu, ikaandika mambo mengine juu yake. Orodha yenyewe nayo ilikuwa ndani ya kompyuta iliyoungua.

Wakati huo tulikuwa na shauri la saa za ziada la wenzetu wa shambani, baadhi yao wakaaji wa kambi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Tulizunguka Base Camp, Juru na Rubondo nyumba kwa nyumba tukiomba karatasi za mshahara. Wengine walikuwa nazo, za wengine zilikuwa zimeharibiwa na mvua. Walilipwa miezi ile tu iliyothibitishwa. Mama mmoja aliyedai miezi kumi na moja alipata minne. Mwajiri alikosa, lakini na sisi tulikosa.

KAZI YA ORODHA

Fikirini stoo ya kiwanda. Magunia yote yanafanana kwa nje. Mtunza stoo akifa na daftari lake likaungua, mali ipo lakini hakuna ajuaye lililomo katika gunia lipi. Seva ni mtunza stoo. Huandika kila diski au kanda iliyotumika: lini iliandikwa, imebeba nini, ni nakala kamili au ya nyongeza. Mafundi huiita orodha hiyo historia ya kanda. Seva ikifa, orodha hiyo ndiyo humwonyesha fundi aanze na diski ipi, kisha ipi. Kwa hiyo haifai kulala ndani ya seva peke yake.

MIFANO MIWILI

Tarehe 10 Machi 2021, mjini Strasbourg, Ufaransa, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud. Baadhi ya wateja walikuwa wametunza nakala zao mahali palepale penye kumbukumbu zenyewe. Vyote viliungua pamoja.

Mfano wa pili ni wa hapa Uganda. Mwaka 2018 hesabu ya wakimbizi nchini ilitiliwa shaka. Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR ziliwahesabu watu upya kwa alama za vidole na mboni za macho, na wenzetu wa Nakivale walipanga foleni kama wengine. Hesabu iliyokuwa ikitajwa kuwa zaidi ya milioni 1.4 ilishuka hadi karibu milioni 1.1. Orodha isiyoaminika humrudisha mtu wa haki foleni kuthibitisha kwamba yupo.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila tawi liwe na daftari la karatasi. Kwa kila diski andikeni namba yake, tarehe, yaliyomo, ni kamili au ya nyongeza, kama ni ya nyongeza inategemea diski ipi, inakaa wapi, na nani ameiandika.

Pili, nakala ziwe tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Ya Mbarara iwe na mwenzake nje ya mji. Daftari nalo linakiliwe, liende pamoja nayo.

Tatu, mtu mmoja asifute peke yake. Kufuta mstari katika orodha ya seva ni kuiruhusu diski iandikwe upya. Nakala kamili isifutwe mpaka nakala kamili mpya imeandikwa na kujaribiwa. Ziwepo sahihi mbili.

Nne, kila miezi mitatu chukueni diski moja, mrudishe kumbukumbu zake kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Tano, msifanye haraka kutupa. Mchango wa NSSF ni asilimia 10 ya mwajiri na 5 ya mfanyakazi, na malipo ya uzee hudaiwa kuanzia miaka 55. Kijana aliyeanza kazi akiwa na miaka 25 anaweza kuihitaji karatasi yake ya kwanza baada ya miaka thelathini.

Sita, diski zifungiwe. Orodha ya wanachama ikimfikia asiyestahili, mtu aweza kupoteza kazi. Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019 inatubana na sisi pia.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kompyuta ya tawi ikiungua usiku huu, nani anajua diski ya kuanza nayo?
2. Nakala yetu ya mbali iko wapi, na nani ana ufunguo?
3. Mara ya mwisho tuliijaribu lini?

Ndugu, mkishindwa kujibu swali la kwanza, nunueni daftari kesho asubuhi. Bei yake ni ndogo kuliko mshahara wa siku moja, na yule mama wa Nakivale bado anadai miezi saba.