Kutafuta Jambo Linalojirudia

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini ukitazama wingu moja tu, utajuaje?

Muhula uliopita, mwenzetu mmoja nusura asimamishwe masomo kwa utoro. Rejista ilionyesha amekosa siku sita. Mimi nikiwa kiranja wa darasa, nikaomba ruhusa niiingize rejista hiyo kwenye kompyuta.

Somo lenyewe ni hili. Tengeneza majedwali mawili. La kwanza ni la wanafunzi: nambari ya usajili na jina. La pili ni la waliokosa: nambari ya usajili na tarehe. Mtu akikosa, ongeza mstari mpya. Usiandike "sita" halafu kesho ukafuta na kuandika "saba", maana ukifuta umepoteza historia. Mbona nambari na si jina? Hapa Navakholo akina Wafula ni wengi, bwana! Jina hujirudia bila kosa; nambari ni ya mtu mmoja.

Kisha uliza swali kwa lugha ya SQL, iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1970. GROUP BY hukusanya mistari inayofanana, COUNT huihesabu, na HAVING COUNT(*) > 1 hubakiza makundi yenye zaidi ya mstari mmoja.

Nilipopanga kwa nambari pekee, nilipata sita, jambo tulilolijua tayari. Kompyuta yaweza kutoa siku ya juma kutoka kwa tarehe, basi nikapanga kwa nambari pamoja na siku. Kumbe zote sita ni Alhamisi! Mwalimu wa darasa akamwita, akamwuliza kwa upole. Alhamisi humpeleka nyanya yake kliniki, na nyumbani hakuna mwingine. Adhabu ikaishia hapo. Siku hizi tunamnakilia madondoo.

Mwaka 2022, wakaguzi wa daftari la wapigakura nchini Kenya walipata rekodi 481,711 zilizojirudia. Huko kujirudia kulikuwa kasoro ya kusahihishwa; kwetu kulikuwa shida ya mtu. Kompyuta itakuonyesha kilichojirudia na mara ngapi. Sababu, ndugu msomaji, sharti ukamwulize mwenyewe.