Ndimu na chumvi ni vya supu

SWALI: Daktari, mimi ni mama lishe, nina miaka 41, nipo Temeke. Tangu mwaka jana pembe zote mbili za mdomo zinanichanika. Zinapona wiki mbili, zinarudi. Nikipiga mwayo damu inatoka. Shangazi alinielekeza nikate ndimu, nichovye kwenye chumvi, nisugue asubuhi na jioni. Inauma hadi machozi yananitoka, ila yeye anasema ikiuma ujue inaua wadudu. Wateja nao wameanza kunong'ona kuhusu ukimwi. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, kwanza weka hiyo ndimu chini.

Hayo maneno ya "ikiuma ujue inafanya kazi" nimeyasikia tangu nikiwa mwanafunzi, na yamenichosha. Ndimu ni tindikali. Usiku, ukiwa umelala, pembe ya mdomo huanza kujifunga kwa ngozi changa, laini kama utando wa maziwa. Asubuhi unaichoma kwa ndimu na kuikwangua kwa chumvi. Jioni unarudia. Hayo maumivu si ya mdudu anayekufa, ni ya ngozi yako. Halafu ukitoka kwenda kupika juani, juisi ya ndimu iliyobaki kwenye ngozi ikipigwa na jua hubabua na kuacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Nimewaona akina mama waliokuja na kidonda kidogo na doa kubwa, na doa ndilo lililowaliza zaidi.

Mbona basi shangazi aliona inaponya? Kwa sababu vidonda hivi vina tabia ya kupoa na kurudi. Chochote utakachopaka siku vinapotaka kupoa, hicho ndicho kitakachopewa sifa. Ndiyo maana wengine wanaapia dawa ya meno, wengine poda ya kidonge cha rangi mbili. Na wapo wanaonunua tyubu ya krimu ya mchanganyiko dukani na kuipaka mwaka mzima. Nyingi ya krimu hizo zina steroidi kali: wekundu unapungua, fangasi anashiba, ngozi inakuwa nyembamba.

Kinachotokea pale hakihitaji somo refu. Mate hukaa kwenye pembe, ngozi hulowa na kupasuka, kisha fangasi au bakteria huhamia. La kujiuliza ni kwa nini wanarudi kila mara, na hilo halionekani kwenye kioo cha nyumbani.

Mzee mmoja fundi cherehani alihangaika na mdomo wake miaka mitatu. Alikwisha paka kila kitu. Nilipomwomba avue meno ya bandia, akayafunga kwenye leso kwa aibu, nikaona kaakaa lake jekundu kama nyanya iliyoiva. Alikuwa akilala nayo. Fangasi walikuwa wanaishi kwenye meno, pembe za mdomo walikuwa wanazitembelea tu.

Wewe hukutaja meno ya bandia. Kwa mwanamke wa umri wako ninayemfikiria kwanza ni upungufu wa damu: hedhi nzito, safura, au chai ya rangi inayonywewa pamoja na kila mlo na kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Pili, kisukari. Upungufu wa vitamini za kundi B nao umo, lakini usikimbilie kununua chupa ya vitamini kabla ya kujua unakosa nini.

Kuhusu minong'ono: ndiyo, VVU ni mojawapo ya sababu, na ni mojawapo tu. Wateja wako hawana maabara machoni. Kipimo ni bure katika vituo vya serikali. Pima kwa ajili yako, si kwa ajili yao.

Hapa sasa nitakuwa mkali. Mwaka mzima, dada! Mwaka mzima unajiunguza mdomo, na kituo cha afya huenda kipo hatua chache kutoka kwenye jiko lako. Mhudumu akikuona atakuandikia krimu ya fangasi, pengine na ya bakteria, na akuagizie vipimo vya wingi wa damu, sukari na VVU. Nyumbani usilambe pembe hizo hata zikikauka. Zipake mafuta ya mgando, hasa kabla ya kulala. Na yeyote anayesoma hapa mwenye kidonda cha upande mmoja, kigumu, kisichofunga wiki tatu, huyo aende hospitali wiki hii kuchunguzwa saratani.

Najua mama lishe hafungi jiko kirahisi. Mwachie msaidizi wako asubuhi moja tu, Jumatatu hii, nenda ukapimwe. Ukipata majibu, niandikie tena.