Harufu Nzuri Iuayo Wadudu wa Upele

Katika maua ya mlangilangi, yapendwayo sana na watu wa Pwani kwa harufu yake, mna kitu kiitwacho benzili benzoeti. Siku hizi kitu hicho hutengenezwa viwandani. Ni cha jamii ya esta, yaani vitu vipatikanavyo asidi inapoungana na alkoholi. Kinafanana na mafuta yasiyo na rangi, tena kina harufu tamu iliyo hafifu. Hakiyeyuki katika maji, wala hakigeuki mvuke upesi, kwani huchemka kwenye joto la digrii 323 za Sentigredi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa manukato hukitia katika marashi ili harufu idumu.

Lakini kazi yake iliyo na faida zaidi ni kuponya upele. Ugonjwa huu huletwa na mdudu asiyefika urefu wa nusu milimeta. Jike lake hupekecha ngozi na kutaga mayai humo. Mtu aambukizwaye mara ya kwanza aweza kukaa wiki 4 hata 6 bila kuwashwa, na huku anawaambukiza wengine. Mtoto akijikuna hupata vidonda, na vidonda vikiingiwa na vijidudu vingine vyaweza kudhuru hata mafigo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtaalamu Kenneth Mellanby aliuchunguza upele katika mji wa Sheffield, Uingereza. Aliona ya kuwa ugonjwa huenea hasa kwa ngozi kugusana na ngozi, wala si kwa mablanketi kama wengi walivyodhani.

Dawa yenyewe ni nyeupe kama maziwa, na ile ya watu wazima ina benzili benzoeti sehemu 25 katika 100. Watoto hupakwa iliyozimuliwa kwa maji, kwa kipimo atakachosema mganga wa hospitali. Mgonjwa huoga, hujikausha, kisha hupakwa mwili mzima kutoka shingoni hata nyayoni, bila kusahau katikati ya vidole, makwapa, kitovu na sehemu za siri. Dawa huachwa saa 24, ndipo huoshwa; na hupakwa tena kama alivyoagizwa.

Mara nyingi dawa hii hulaumiwa bure. Mama humpaka mtoto mmoja ajikunaye, na usiku mtoto huyo hulala pamoja na nduguze wasiopakwa; baada ya siku chache upele humrudia. Basi watu wote wa nyumba moja yafaa wapakwe siku moja, hata wasiowashwa.

Tena mwasho waweza kuendelea wiki mbili au zaidi baada ya wadudu kufa. Asiongeze mtu dawa kwa pupa, maana huichoma ngozi. Wala harufu yake tamu isimdanganye mtu: ikinywewa ni sumu. Iwekwe mbali na macho, na mahali wasipofika watoto.