SOMO LA LUGHA: KHABARI NJEMA KWA KILITHUANIA



Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mpwa wangu anayesomea udaktari Kaunas, mji wa pili kwa ukubwa katika nchi ya Lithuania. Sauti yake ilikuwa nzito. Asubuhi ile bibi mwenye nyumba alimkuta jikoni, uso umemkunjuka kwa furaha, akamwambia: "Turiu gerą naujieną. Gimė anūkas." Yaani: Nina khabari njema, amezaliwa mjukuu wa kiume. Kijana alifahamu kila neno, akajibu: "Gerai." Bibi akanyamaza, akachukua birika lake, akatoka.

Kosa liko wapi? "Gerai" maana yake ni vyema, lakini ndiyo "haya" yao pia. Mtu akisema atakuja saa nne, wamjibu "gerai", yakesha. Basi fikirini jirani aje mbio kukwambia mkewe kajifungua salama, nawe umwambie, "Haya." Hata hapa kwetu neno hilo lingemkaa mtu moyoni.

Lililotakiwa ni "Sveikinu!" Hili ndilo hongera lao, ila kwa hakika ni kitendo kamili: nakupongeza. Sisi mtendaji humtanguliza mwanzo wa neno, na Walithuania humweka mwisho. "Sveikinu" ni mimi nakupongeza, "sveikiname" ni sisi twakupongeza. Na asili yake ni "sveikas", maana yake mzima wa afya. Kwa hiyo pongezi yao imetoka katika uzima, jambo ambalo mimi binafsi limenipendeza sana.

Kisha iko adabu ya umri. Kwa rika lako wasema "sveikinu tave". Kwa mtu mzima, au usiyemzoea, wasema "sveikinu jus", kwani humwita mmoja kwa neno la wengi ili kumtukuza. Kwa bibi yule ilipasa kusema: "Sveikinu jus, ponia!" "Ponia" ni bibi, kwa heshima.

Baada ya pongezi, onyesha furaha yako: "Labai džiaugiuosi", nimefurahi sana. Au sema "Kaip gerai!", vyema ilioje! Tazameni hapo: ni "gerai" ile ile, lakini ikitanguliwa na "kaip" inakuwa furaha. Neno moja dogo lingalimwokoa mpwa wangu. Ukistaajabu sema "Tikrai?", yaani kweli? Naye mwenye khabari atajibu "Ačiū", ahsanta.

Katika kusoma, herufi "j" yao itamkeni kama "y" yetu, "č" kama "ch", na "š" kama "sh". "Dž" iko karibu na "j" yetu. Kistari juu ya "ū" huivuta sauti, kwa hiyo "ačiū" husomwa "achuu".

Msizione alama hizo kuwa mapambo. Tangu miaka ya 1860 hadi mwaka 1904, dola ya Urusi iliyoitawala nchi ile ilikataza kupiga chapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Vitabu vikachapwa ng'ambo ya mpaka, Prussia, vikaingizwa kwa siri na watu walioitwa "knygnešiai", wachukuzi wa vitabu. Waliokamatwa, wengine walipelekwa Siberia. Watu waliolipia lugha yao namna hiyo, nadhani hawamcheki mgeni anayejikwaa akijaribu kuisema.

Nilimwambia kijana asingoje kesho. Jioni ile akabisha mlango wa bibi, akasema: "Sveikinu jus, ponia! Labai džiaugiuosi." Asema ulimi ulimteleza katika neno la mwisho, akalirudia mara mbili. Bibi akacheka, akasema "Ačiū, ačiū", akamwonyesha picha ya mtoto katika simu, akamkalisha na kumpa chai na "meduolis", mkate wao mtamu wa asali na viungo.

Kijana kuumega tu, akaijua harufu. Akauliza jina la kiungo kile, akaambiwa "gvazdikėliai". Ndiyo karafuu, ndugu zangu. Nimemwagiza aende dukani atazame wanaiuza kwa bei gani.

Katibu