Lori lililosimama nalo linakula mafuta: Hesabu kwa mwenye mzigo Kigoma

Wamiliki wengi wa malori na daladala mkoani Kigoma hupima mafuta kwa kilomita. Lori likirudi kutoka safari, mwenye mali hugawa kilomita kwa lita zilizonunuliwa, na jibu likipungua humtazama dereva kwa jicho baya. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kina upungufu mmoja: hakihesabu saa ambazo gari limesimama huku injini ikiunguruma.

Saa hizo zina gharama. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na bei ya kila mji hubeba gharama ya kuyasafirisha hadi hapo. Kigoma ipo zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam, hivyo lita moja huuzwa ghali kuliko Dar es Salaam. Mfanyabiashara hana uwezo wa kuishusha bei hiyo. Anachoweza kukishusha ni idadi ya lita anazonunua.

Injini inakula kiasi gani

Injini inayounguruma bila gari kwenda bado ina kazi. Inasukuma pistoni zake yenyewe, inazungusha pampu ya maji na ya oili, na inachaji betri. Kazi hiyo yote hulipwa kwa mafuta.

Vipimo vilivyotolewa na Wizara ya Nishati ya Marekani mwaka 2015 vinatoa picha nzuri. Gari dogo la petroli lenye injini ya lita 2.0 hutumia takriban lita 0.6 kwa saa likiwa limesimama. Likiwashiwa kiyoyozi na vifaa vingine, matumizi hukaribia lita 1.1. Gari kubwa la abiria lenye injini ya lita 4.6 hutumia kama lita 1.5. Lori la dizeli la ukubwa wa kati, lenye injini ya lita 6 hadi 10, hutumia takriban lita 1.7 kwa saa. Kundi hilo ndilo la Fuso nyingi zinazobeba dagaa, mawese na chumvi. Kichwa cha semitrela hutumia takriban lita 2.4.

Ikumbukwe kuwa vipimo hivyo ni vya injini nzima. Nozeli zinazovuja, chujio la hewa lililoziba au mzunguko wa injini uliowekwa juu kupita kiasi huongeza matumizi.

Hesabu ya Fuso moja ya dagaa

Chukua mfano wa Fuso inayosubiri dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Mitumbwi hurudi alfajiri, mzigo hupimwa, hupatanwa bei na kupakiwa. Tuseme katika kusubiri huko injini huunguruma saa 3 kwa siku. Saa 3 mara lita 1.7 ni lita 5.1. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni shilingi 15,300 kwa siku.

Biashara ya dagaa haiendi kila siku. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti samaki na kazi hupungua, hivyo zihesabiwe siku 20 tu kwa mwezi. Tena, mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kwa hiyo ihesabiwe miezi 9, yaani siku 180.

Lita 5.1 mara siku 180 ni lita 918. Kwa bei ile ile ni shilingi 2,754,000 kwa mwaka. Kama Fuso hiyo hutumia lita moja kwa kilomita 4, mafuta hayo yangeipeleka kilomita 3,672, umbali unaozidi safari ya Dar es Salaam kwenda na kurudi. Yameungua bila tairi kuzunguka.

Kwa daladala za Kigoma na Ujiji hesabu ni ndogo lakini haina mapumziko. Hiace ya petroli ya lita 2.0 ikiunguruma jumla ya saa 4 kwa siku kwenye foleni ya kupakia abiria huteketeza lita 2.4, sawa na shilingi 7,200. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 187,200 kwa mwezi.

Mwenye daladala anaweza kusema hilo halimhusu, kwa kuwa yeye hupokea hesabu yake ya siku na mafuta ni ya dereva. Fikra hiyo si sahihi. Dereva anayebanwa na mafuta ndiye anayeomba hesabu ipunguzwe, anayechelewesha kubadili oili na anayezidisha abiria. Gharama hurudi kwa mwenye gari kwa njia nyingine.

Lita kumi zinazogombanisha

Hasara nyingine ni ya uaminifu. Lori likienda kilomita 400 kwa lita moja kila kilomita 4, hutumia lita 100. Kama katika safari hiyo lilisimama saa 6 likiunguruma, kwenye foleni ya kupakia, mizani au kusubiri mwenye mzigo, huongezeka lita 10.2. Mwenye lori akigawa 400 kwa 110.2 anapata kilomita 3.63 kwa lita. Kwake yeye, lita 10 zimeuzwa njiani.

Huenda dereva hakuiba hata tone. Wapo pia wanaoiba na kusingizia foleni. Bila kumbukumbu ya saa za kusimama, mwenye mali hawezi kuwatenganisha wawili hao, na anaweza kumfukuza mwaminifu na kumbakiza mwizi.

Kwa nini madereva hawazimi

Sababu ya kwanza ni betri au stata mbovu. Dereva anayejua kuwa akizima atatafuta watu wa kusukuma, hazimi. Hapo kosa ni la mwenye gari aliyekataa kutengeneza. Katika mfano wa Fuso hapo juu, akiba ya mwezi mmoja ni shilingi 306,000, fedha za kutosha kuanza matengenezo hayo.

Sababu ya pili ni imani kuwa kuwasha hula mafuta mengi. Watafiti wa maabara ya Argonne ya Marekani walipima na kuona kuwa gari dogo likisimama kwa zaidi ya sekunde 10, kuunguruma kunakula zaidi ya kuzima na kuwasha tena. Kwa kazi za kila siku, ili stata isichoshwe bure, kanuni ya dakika moja inatosha: kama gari halitaondoka ndani ya dakika moja, lizimwe.

Sababu ya tatu ni mazoea ya mitambo ya zamani. MV Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, iliendeshwa kwa mvuke hadi miaka ya 1970. Meli ya mvuke ikitia nanga kwa muda mfupi, moto wa boila hutunzwa, kwani kupasha maji upya huchukua saa nyingi. Injini ya dizeli haina haja hiyo.

Yapo mazingira ambayo injini iachwe. Lori lenye tabo lililotoka kupanda mlima na mzigo liunguruma dakika 1 hadi 3 kabla ya kuzimwa, ili tabo ipoe. Lori la breki za upepo lisubiri upepo ujae kabla ya kuondoka. Lakini kupasha injini nusu saa asubuhi ni ushamba wa gharama, kwani Kigoma hakuna baridi ya kugandisha oili. Zaidi ya hayo, dizeli inayounguruma muda mrefu bila mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi hujaa na oili huchafuka mapema.

Wenye boti nao wamo katika somo hili. Injini ya boti ya kuchanganya petroli na oili, ikiachwa iunguruma ufukweni kusubiri abiria wa vijiji vya kaskazini, huchafua plagi, na plagi chafu huweza kuzima injini katikati ya ziwa.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Egesha gari mahali tambarare na pa wazi, kamwe si ndani ya chumba, kwani moshi wa eksozi huua. Jaza tanki hadi shingoni. Washa injini, iache saa 2 kamili bila kuligusa gari, kisha zima na subiri ipoe. Jaza tena hadi alama ile ile kwa chombo chenye vipimo vya lita. Gawa kiasi ulichoongeza kwa 2. Hayo ndiyo matumizi ya gari lako kwa saa.

Baada ya hapo, daftari la safari liongezewe safu moja: saa za kusimama injini ikiwaka. Dereva aandike, utingo ashuhudie. Mwenye mali atoe kwanza mafuta ya kusimama, kisha ndipo agawe kilomita kwa lita zilizobaki. Anayetaka kununua Fuso iliyotumika, au kuweka fedha zake katika lori la mwenzake, aombe daftari hilo kabla ya kulipa, na ajaribu kuliwasha gari likiwa limepoa. Gari lisilowaka kwa stata litamlazimisha dereva asilizime, na mnunuzi atalipa mafuta hayo kila siku.